Picha Isiyomchomea Mtu: Mwongozo Kamili wa Kupigia Picha Vuguvugu la Haki Nairobi

Picha yangu ya kwanza kusambaa mtandaoni ilimfukuzisha kijana kazi. Alikuwa amemwambia mwajiri wake kwamba anaumwa tumbo. Mimi nikamnasa Moi Avenue amepanda kizuizi cha barabara, bendera mgongoni, mdomo wazi, mwanga umemkaa usoni vizuri kabisa. Kufikia jioni picha ilikuwa imezunguka kila kikundi cha WhatsApp ninachokijua. Kesho yake akanipigia simu. Hakunitukana, aliniuliza tu kama ninajua mahali pa kibarua.

Hayo yalikuwa zamani, na hasara ilikuwa mshahara. Siku hizi ni kubwa zaidi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 39 vilivyotokana na maandamano ya Mswada wa Fedha kufikia tarehe 1 Julai 2024, na kufikia mwisho wa mwaka huo ikawa imeorodhesha visa 82 vya watu kutekwa. Anayeshika kamera katikati ya mambo hayo ameshika kitu kinachoweza kumtetea mtu mahakamani au kumchomea kwa wanaomtafuta, na mara nyingine ni picha hiyohiyo moja.

Mwongozo huu ni wa mwenye simu nzuri au kamera ya mtumba anayetaka kazi yake iwafae watu anaowapiga.

Fika kwanza mikono mitupu

Vuguvugu halianzii barabarani. Linaanzia kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, watu kumi na watano, chai ya rangi, na mtu mmoja anayeandika kumbukumbu kwenye daftari. Vipo vituo vya haki za kijamii Mathare, Kayole, Dandora, Mukuru na mitaa mingine. Tafuta kilicho karibu nawe, uende mara mbili au tatu bila kamera. Mkazi wa Kibera ameshapigwa picha na wageni kuliko bibi harusi, na picha zenyewe hajaziona. Usishangae akikutazama kwa jicho la pembeni.

Ukiwa pale sikiliza. Nani husema na nani huamua? (Si lazima awe mtu yuleyule.) Njia ya maandamano ni ipi, wasimamizi watavaa nini, wakili ni nani? Na swali ambalo wapigapicha wengi hulisahau: nani hapa hataki kabisa kuonekana? Daima yupo. Kuna mwenye kesi inayoendelea, mtumishi wa serikali, mama ambaye mumewe hajui kwamba anakuja. Zikariri sura zao kabla ya kuwasha kamera.

Uliza picha ni ya kazi gani

Usikubali jibu la "piga tu kila kitu". Picha ya kuwaita watu wajitokeze wiki ijayo inataka furaha, wingi na bango linalosomeka. Picha ya ushahidi inataka mahali, saa, nambari ya gari na alama ya mtaa, hata kama haipendezi. Picha ya kumbukumbu inataka vitu vidogo: viatu vilivyoachwa barabarani, karatasi yenye majina ya waliouawa, mikono ya wanaochora mabango usiku. Ya gazeti inataka tukio zima kwenye fremu moja na maelezo mafupi.

Kamera moja haifanyi kazi zote nne kwa siku moja bila kuchanganyikiwa. Mkiwa watatu gawaneni: mmoja akae juu, mmoja katikati ya umati, mmoja afuate polisi tu.

Andikeni pia, hata kwa ujumbe wa simu, picha ni mali ya nani. Nimeona urafiki ukivunjika kwa sababu picha ya mama mtaani iliibuka kwenye kalenda ya wafadhili.

Sheria ya kutembea nayo

Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza, nao si wa wanahabari peke yao. Kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari husaidia unapokabiliwa na afisa, lakini kukosa kadi hakufanyi picha yako ya barabarani kuwa kosa.

Sheria ya Utulivu wa Umma inawataka waandalizi kumpa mkuu wa kituo cha polisi taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla. Hiyo ni taarifa, si ombi la ruhusa. Omba nakala yenye muhuri na uitunze kwenye simu. Mara mbili imenitoa mahali pabaya.

Ukikamatwa, Ibara ya 49 inakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24 (siku za kazi za mahakama zikizingatiwa). Ibara ya 31 inakulinda dhidi ya kupekuliwa na kunyang'anywa mali ovyo. Najua, usiku ndani ya seli ibara hazifungui mlango. Zitaje hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, mbele ya mashahidi.

Ikulu na kambi za jeshi ni maeneo yanayolindwa kisheria. Usielekeze lenzi huko kwa mchezo. Droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, nayo huvutia macho usiyoyataka. Iache nyumbani.

Mkoba

Mwepesi. Kamera moja yenye lenzi ya milimita 35 au inayokaribia hapo. Ukiwa na lenzi ndefu ya 70–200 mpe yule wa ghorofani. Betri mbili, pawabanki, memori kadi ndogo nyingi badala ya moja kubwa, maji lita moja, kitambaa, kitambulisho, pesa taslimu za matatu na boda. Viatu vya kukimbilia. Nguo isiyo na rangi ya chama chochote. Ukivaa lenzi za macho, siku hiyo vaa miwani: gesi ikinasa chini ya lenzi hizo utajuta.

Nambari ya wakili iandike mkononi kwa kalamu ya wino. Simu hunyang'anywa, mkono unabaki nao.

Kabla ya kutoka zima kufungua simu kwa alama ya kidole au sura, uweke nambari ya siri ya tarakimu sita au zaidi. Ondoka kwenye vikundi ambavyo huvihitaji siku hiyo. Kisha weka saa ya kamera ilingane na ya simu, hadi dakika. Mimi nilipiga siku nzima na kamera inayodai ni Januari 2019, kwa sababu betri ilikuwa imekaa nje na saa ikajirudisha mwanzo. Wakili alipozitaka zile picha alizitazama akacheka kicheko kisicho na furaha.

Mwanga wa jiji hili

Jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua saa hiyohiyo jioni, mwaka mzima, na maandamano huanza saa nne, mwanga unapoanza kuharibika. Kufikia saa sita jua liko utosini. Macho yanakuwa mashimo meusi chini ya kofia. Tafuta kivuli cha majengo. Barabara nyembamba za katikati ya jiji, kama Kimathi, huwa na upande mmoja wenye mwanga laini unaorushwa na kuta za vioo. Simama kivulini, uwaache watu waje kwako.

Ila Juni na Julai mbingu ziko upande wetu. Saba Saba, inayokumbuka mkutano wa Kamukunji wa kudai vyama vingi wa tarehe 7 Julai 1990, huangukia katikati ya msimu wa baridi, wingu zito kama blanketi juu ya jiji zima. Mwanga huo wa kijivu unapenda ngozi nyeusi. Hauchomi paji la uso wala haufichi macho.

Tatizo ni kwamba kamera huona mbingu nyeupe ikadhani picha nzima inang'aa mno, ikapunguza mwanga, na watu wako wakageuka vivuli. Pimia usoni, si mbinguni. Kwenye kamera ongeza mwanga kwa stopu moja (yaani maradufu). Kwenye simu bonyeza uso wa mtu, ushikilie mpaka alama ya kufunga mwanga ijitokeze, kisha vuta juu kidogo. Mbingu ikiungua na iungue. Hakuna aliyekuja kuandamana kwa ajili ya mawingu.

Kasi ya shata isishuke chini ya 1/500 ya sekunde watu wakiwa wanakimbia. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijichague yenyewe. Usivute kwa zumu ya simu. Songa kwa miguu.

Kupiga yenyewe

Watangulie. Mpigapicha anayefuata nyuma hurudi na migongo na mabegi. Jua njia yao, uwe mbele yao hatua hamsini, na kila kona tafuta pa juu: ngazi za jengo, daraja la waenda kwa miguu, baraza ya ghorofa ya kwanza. Omba ruhusa kwa bawabu kwa heshima, "Kaka, nipe dakika mbili tu pale juu", na uzimalize kwa dakika mbili kweli.

Weka alama ya mahali kwenye fremu zako za mbali: mnara wa KICC, jengo la Nyaraka za Kitaifa, kibao cha barabara, bango la duka. Hili si pambo. Mnamo Aprili 2025 BBC ilitangaza uchunguzi wa risasi zilizopigwa nje ya Bunge tarehe 25 Juni 2024, uliotegemea uchambuzi wa picha na video zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa za watu wa kawaida waliokuwepo. Kazi kama hiyo inawezekana pale tu picha ya mmoja inapoweza kupangwa kando ya picha ya mwingine: ukuta uleule, mti uleule, dakika ileile. Selfi yako iliyokatwa ukuta haisaidii kitu.

Wapigie picha polisi pia, na si wakirusha tu gesi ya kutoza machozi. Piga wamesimama, nambari za magari, beji kama zipo, silaha mikononi. Piga kabla ya fujo, kwa sababu baadaye swali litakuwa nani alikuwa amesimama wapi.

Kisha rudi kwa watu. Ucheshi wa mabango ya Nairobi, ya Sheng hasa, unastahili picha yake: hakikisha maandishi yote yamo ndani ya fremu na yanasomeka. Piga anayegawa maji. Piga dada anayemfunga mwenzake kitambaa. Wahariri wengi watataka moto na mawe. Wape wakitaka, lakini ukirudi nyumbani na moto peke yake umesema uongo kuhusu siku yenyewe. Na usimwambie mtu arudie kurusha ngumi hewani kwa sababu ulichelewa. Iliyopita imepita.

Yakichacha

Usisimame kati ya mistari miwili, wa polisi na wa waandamanaji. Kaa ubavuni, mgongo ukutani, ukijua njia mbili za kutokea. Wenye maduka hushusha milango ya chuma mara bomu la kwanza la gesi linapolia, kwa hiyo duka uliloliona wazi si njia ya kutokea. Gesi ikija, tazama upepo, tembea kuukabili au kwa upande, usisugue macho, suuza kwa maji mengi baridi. Usiokote mkebe, unaunguza.

Awe na wewe mwenzako asiyepiga picha, anayekutazama tu. Jicho likiwa kwenye kamera halioni Subaru isiyo na maandishi, ya askari kanzu, iliyosimama nyuma yako. Kila saa mpe kadi iliyojaa aondoke nayo.

Mtu akijeruhiwa, piga fremu mbili au tatu kisha shusha kamera usaidie. Kama wapo wa kusaidia, endelea kupiga, ukitoka kwenye njia yao. Tarehe 17 Juni 2025 mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani katikati ya jiji mbele ya kamera, akafariki karibu wiki mbili baadaye, na afisa akashtakiwa kwa mauaji. Bila wale waliokuwa wanarekodi, tungeambiwa nini?

Nyuso

Hapa ndipo penye kazi nzito kuliko kokote, kwa hiyo tutakaa.

Umati barabarani umejitokeza uonekane. Hilo ndilo lengo la maandamano. Lakini kuonekana na umati ni jambo moja, na kukatwa kutoka kwenye umati uso wako ukajaa skrini ya simu ni jambo lingine. Kanuni yangu: uso ukiweza kutambulika na mtu mmoja ndiye habari ya picha, naongea naye. Kabla au baada, lakini naongea. "Mama, habari. Naitwa fulani, napiga picha za kituo cha haki. Hii hapa, itazame. Inaweza kuonekana na mtu yeyote, hata polisi, hata chifu. Niitumie au niiache?" Mwonyeshe skrini. Mtu akiiona ndipo anajua anachokubali. Akisema iache, ifute mbele yake bila kununa.

Idhini ya leo si ya milele. Wape nambari yako. Mtu akipiga baada ya miezi sita na kusema mambo yamebadilika, iondoe popote unapoweza.

Watoto, hapana, isipokuwa mzazi amekubali na mtoto mwenyewe hana neno. Ibara ya 53 inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pia ina meno: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kubandika picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sheria hiyo inawapa uandishi wa habari na sanaa nafasi yao, ila usiigeuze kuwa kichaka cha kujificha.

Njia nzuri ya kuficha uso ni kutoupiga. Piga kutoka nyuma, piga kivuli ukutani, piga kinyume na jua mtu abaki umbo, acha bango limfunike. Ukilazimika kuficha baadaye, weka kiraka cheusi kizito. Usitegemee ukungu mwepesi, wala kalamu ya kuangazia ya simu, kwani mwanga ukiongezwa sura inaweza kurudi. Kisha piga skrini ya picha hiyo utume nakala ya skrini, si faili lenyewe. Na kumbuka mtu si uso tu. Chale, viatu vya rangi ya kipekee, jezi yenye jina, hata mwendo: rafiki zake watamjua, na maadui zake pia.

Kuna picha ambazo kanuni hizi hazizimalizi. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa Freedom Corner, Uhuru Park, wamesusia chakula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Polisi walipowavamia, baadhi ya akina mama walivua nguo. Ukiwa pale na kamera unafanya nini? Vijana wengi ninaowauliza hujibu haraka: nashusha kamera, ni heshima. Mimi sina uhakika huo. Mama anayemvulia nguo kijana wa umri wa mwanawe anamlaani, na laana inataka mashahidi. Kugeuza uso pengine ni kumnyang'anya silaha yake. Ningepiga, ningepiga nyuso na mikono na askari wanaoangalia chini, kisha ningekwenda kuwauliza wenyewe kabla picha haijatoka.

Matanga

Usiende na kamera shingoni. Ipo mkobani, na wewe umekwenda kutoa pole. Tafuta msemaji wa familia, mara nyingi mjomba au dada mkubwa, umwombe yeye. Mwenye kilio usimsumbue na fomu. Mwili usiupige isipokuwa familia imeomba, na wakiomba (wapo wanaoomba, kwa sababu ya kesi), piga majeraha kwa mpangilio, kutoka mbali na kutoka karibu, ukiweka rula au sarafu kando kuonyesha ukubwa, na picha hizo zisichanganywe kamwe na za mtandaoni.

Jioni

Usibandike kitu ukiwa barabarani. Unapotuma picha watu wakiwa bado wamejificha uchochoroni, umetuma ramani.

Ukifika nyumbani nakili kila kitu kabla ya kula: nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Faili za mwanzo zisiguswe: usizikate, usizing'arishe, usizibadilishe jina. Fanya uhariri kwenye nakala. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji cheti kwa ushahidi wa kielektroniki, na anayekitia sahihi anaeleza kifaa kilivyotumika na faili zilivyotunzwa. Ukiwa umezivuruga, wakili wa upande wa pili atakuwa na siku njema.

Faili la picha hubeba saa, aina ya kifaa na, simu ikiruhusiwa, mahali ulipokuwa. Kwa ushahidi hiyo ni dhahabu. Kwa mtandao ni sumu. Mimi huacha huduma ya mahali ya simu ikiwa imewashwa nikiwa barabarani, nikaizima kabla ya kuingia nyumba ya mtu yeyote. WhatsApp ikituma picha kama picha huibana na kufuta habari hizo. Ikitumwa kama hati hubaki nzima. Kwa hiyo kwa wakili tuma hati, kwa kikundi tuma picha.

Maneno chini ya picha

Nani, nini, wapi, lini, na ni nani anasema hivyo. "Polisi wakimkokota mwandamanaji karibu na Nyaraka za Kitaifa, saa saba na dakika kumi mchana." Hukuona kilichotangulia? Usikiandike. Jina la mtu ni kwa ruhusa yake. Usiandike "wahuni" wala "mashujaa". Wewe umeona watu.

Andika mahali kwa ukamilifu, kwani majina hufa. Waziri Tom Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 kwenye Government Road. Kijana wa leo akitafuta barabara hiyo haioni, nayo ndiyo Moi Avenue anayopita kila siku.

Irudishe

Mwaka 2009 mpigapicha Boniface Mwangi alizitoa picha za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 akaziweka barabarani, katika maonyesho ya Picha Mtaani, mbele ya watu walioishi mambo yenyewe. Huhitaji ukubwa huo. Chagua picha ishirini, wala usizidishe, ukiwa umeketi na watu wa kituo. Zichapishe River Road, upatane bei ya jumla, uombe karatasi isiyong'aa ili mwanga wa ukumbi usizime picha. Kamba ya nguo, vibanio, ukuta wa kituo. Ukipata projekta, shuka jeupe usiku linatosha, na majirani watajileta wenyewe.

Kaa hapo uwasikilize wakizungumza. Watakusahihisha tarehe, watakutajia waliokuwa pembeni ya fremu, na mmoja atakuomba ushushe picha fulani. Ishushe papo hapo.

Mwishoni wagawie zilizochapishwa. Mara ya mwisho nilidhani mama mmoja angetaka ile ya jeneza likipita juu ya mabega, picha ninayojivunia. Aliipita. Akabandua ndogo ya mwisho wa kamba, marafiki wanne wa mwanawe wamekaa ukutani na vikombe vya chai, akaniuliza kama ninayo nyingine ya pili, ampelekee bibi yake shambani.

Chapisha mbili mbili.